Wageni wa Nyuma ya Stendi

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, watu hawakuondoka. Mazishi ya mjini siku hizi tunayajua: wali ukishaliwa, kila mtu anatazama simu yake na kukumbuka kwamba ana shughuli. Hawa walikaa. Walikaa uani kwa Shangazi Hadija, huko pembezoni mwa Mandewa, wengine juu ya mikeka, wengine juu ya magunia, wengine juu ya yale mawe makubwa ambayo hapa kwetu Singida hayakosi kwenye kiwanja cha mtu. Walikuwa wazee na wamama watu wazima kutoka vijijini, wengi wao sikuwa nimewaona tangu nikiwa binti, na hawakuzungumza sana. Walikuwa wakiitazama nyumba. Ilinichukua muda kuelewa kwamba karibu wote walikuwa wakiiona kwa mara ya kwanza, na Shangazi, marehemu wetu, alikuwa ameishi humo miaka mingi. Mzee Msengi wa Kinyangiri, ambaye sasa haoni kabisa, alikuwa ameketi karibu na mlango, binti yake pembeni. Nilipiga goti nikamwamkia. Aliitambua sauti kabla sijajitaja. "Marahaba, Zena," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unatuzidishia chumvi." Watu wakacheka kidogo, nami nikacheka, halafu nikalia kwa mara ya kwanza tangu nipigiwe simu ya msiba.

Nilikuja kuishi kwa Shangazi nikiwa na miaka ishirini, kujifunza cherehani kwenye baraza la fundi mmoja pale mjini. Habari za wazazi wangu na kwa nini nilitoka nyumbani nitaziacha, hazina maana hapa. Nyumba yake ilikuwa kwenye mtaa ulioitwa Nyuma ya Stendi, na kweli ulikuwa nyuma ya stendi, hata hakuna aliyehangaika kuutafutia jina jingine. Ukitoka mlangoni, ukipita choo cha jirani na kibanda cha muuza soli, umefika kwenye mabasi. Mbele ilikuwa ya matofali na bati, lakini nyuma Shangazi alikuwa ameunganisha vyumba vya udongo kimoja baada ya kingine, vikizunguka ua, vifupi, paa zake karibu bapa, kama wazee wetu walivyojenga tembe. Kila chumba kilikuwa na jina la kijiji cha watu waliokizoea. Kulikuwa na chumba cha Kinyangiri, chumba cha Shelui, na kingine kidogo chenye unyevu ambacho kiliitwa cha mgeni asiyejulikana. Dari haikuwepo. Kuta zilikomea chini ya paa, kwa hiyo neno lililosemwa Kinyangiri lilisikika Shelui, na mtu akikohoa popote, nyumba nzima inampa pole.

Mabasi ya masafa marefu yaliondoka alfajiri, na malori yenye kuleta watu kutoka vijijini yalifika jioni. Katikati ya hapo mtu lazima alale mahali. Aliyekuwa anampeleka mtoto hospitali, aliyekuwa anakwenda Dar es Salaam kwa kijana wake, aliyeleta kuku wa kuwauzia abiria madirishani, wote waliingia kwa Shangazi bila kubisha hodi ndefu. Walikula walichokikuta: ugali wa uwele wenye rangi ya jivu, mlenda unaovutika mpaka puani, na siku za neema maziwa ya mgando. Mzee Msengi, Mkristo wa kweli, alikuja na kuku mzima ili jirani yetu Mwislamu amchinje na kila mtu aweze kula. Yeye alifumba macho kusali, Shangazi akasema Bismillahi, na mikono yote ikaingia kwenye sinia moja. Asubuhi, kabla ya kuondoka, kila mgeni aliweka kitu kwenye ungo uliokuwa umelazwa juu ya kinu karibu na mlango. Vitunguu, mayai, asali kwenye chupa ya soda, kibaba cha karanga, wakati mwingine noti iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo ya kutia huruma. Hakuna aliyempa Shangazi mkononi. Hakuna aliyeuliza ni kiasi gani. Shangazi naye alihakikisha yuko jikoni amegeuka mgongo wakati mtu anaweka, na asiyekuwa na kitu alipita hapo na kuugusa ungo kwa vidole tu, akaenda zake. Tuliishi kwa ungo ule. Sukari yetu, mafuta ya taa, ada yangu ya cherehani, vyote vilitoka humo, na kama ungemwambia Shangazi kwamba anafanya biashara, angekufukuza uani kwake kwa mwiko.

Mwanzoni mwa mwaka wetu wa mwisho pale mke wa Mzee Msengi aliletwa hospitali akiwa amevimba miguu. Walimpa dawa, wakamwambia arudi baada ya siku kadhaa, na siku hizo alizikaa kwetu, chumba cha Kinyangiri. Nilimpelekea uji. Alikuwa mama mcheshi hata katika hali ile, aliniuliza kama fundi wangu ameoa, nikamwambia ameoa na ana meno mawili. Alifariki humo chumbani, mchana, mumewe ameshika kikombe. Nilimsikia Mzee Msengi, sauti ikipita juu ya ukuta, akisema kwa Kinyiramba maneno ambayo sikuyaelewa, akiyarudia, kwa sauti ya mtu anayejaribu kumwamsha mwingine bila kumkasirisha. Shangazi alitafuta gari, alitafuta sanda, alipanda naye mpaka Kinyangiri. Baada ya mavuno mzee alirudi na gunia zima la uwele. Halikuenea kwenye ungo. Aliliegemeza kwenye kinu, akasimama hapo kidogo, kisha akaingia ndani kuamkia.

Halafu ikaja habari ya mji kupendezeshwa. Uliitishwa mkutano wa mtaa, na bwana mmoja mwenye shati la mikono mirefu akasimama kutueleza kuhusu uendelezaji upya wa eneo la kati, uthamini wa majengo, na mpango wa usafiri wa kisasa. Alizungumza vizuri sana. Mimi niliyetoka shule juzi nilishika nusu. Wengine walishika neno moja tu, uthamini, kwa sababu si muda mrefu uliopita walikuja watu wengine wenye neno hilohilo, wakapima nyumba, na baada yao ikaja kodi ya majengo. Kwa hiyo mkutano ulipovunjika, mtaa mzima ulikuwa umeelewa jambo moja: wanakuja kuandika kodi, na safari hii watawashika wenye biashara majumbani.

Wiki ile mtaa mzima ulianza kujificha. Sijawahi kuona watu wakifanya kazi kwa bidii namna ile kujiangamiza. Seremala wa jirani alihamisha mbao zake zote kwa shemeji yake na kufagia maranda mpaka ya mwisho. Mama aliyekuwa na mgahawa aling'oa kibao chake na kukigeuza mlango wa banda la bata. Shangazi aliutoa ungo juu ya kinu, akautundika jikoni nyuma ya sufuria, akatandua vitanda vya wageni na kukunja mikeka. Jioni ile tulikuwa na wageni sita. Tulikaa kwenye sinia, na mama mmoja wa Shelui, muuza kuku ambaye tulimwita Mama Neema, ndiye aliyetoa wazo. Wakiuliza, alisema, sisi tuseme ni ndugu. Mtu akatania kwamba ndugu gani, mbona sura zenu hazifanani hata pua. Mama Neema akajibu kwamba serikali haipimi pua. Tukacheka. Wakagawana udugu palepale: huyu mpwa, yule mkwe, Mzee Msengi akawa kaka. Walifurahi. Walikuwa wamekula kwa Shangazi miaka na miaka bila kupata nafasi ya kumlipa jambo kubwa, na sasa waliipata. Ndiyo maana siwezi kuwalaumu, ingawa nimejaribu.

Mthamini alikuwa kijana mpole mwenye tepu ya kupimia na kamera shingoni. Alipima kuta, akapiga picha, akaingia kila chumba. Shangazi alimpa kigoda na chai ya maziwa. Alipofika uani akawakuta watu wanakula, akauliza kama nyumba ina wapangaji au wateja wa kulala. Aliuliza kwa namna ya kusaidia, sasa najua. Aliuliza hata mara ya pili, polepole, akimtazama Shangazi usoni. "Ni wageni wangu," Shangazi akasema. Na uani pale, mmoja mmoja, wakaitikia: shangazi yangu, dada yangu, mama mkwe. Mama Neema aliapa. Yule kijana akaandika, akamaliza chai yake, akashukuru, akaenda. Alipopotea kwenye kona tulishangilia kama tumeshinda mpira.

Tangazo lilipobandikwa kwenye ofisi ya mtaa, mimi ndiye niliyelisoma kwa sauti. Stendi ingehamia nje ya mji, upande wa pili. Nyuma ya Stendi yote ingebomolewa, na pale angejenga mwekezaji, hoteli na maduka na ofisi. Wenye majengo ya biashara za wasafiri wangepewa viwanja kando ya stendi mpya ili waendelee na shughuli zao. Wenye makazi tu wangepewa viwanja vya makazi. Halafu yakafuata majina, kila moja na aina yake mbele, na jina la Shangazi lilikuwa na neno makazi, kiwanja Mandewa, pembezoni, huko ambako barabara ilikuwa bado njia ya ng'ombe. Nililisoma mara mbili. Nyuma yangu seremala alisema taratibu, "Na mimi wameniandika makazi?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa chini kwenye ngazi ya ofisi, na hakuinuka mpaka tulipoondoka.

Siku chache baadaye wakapita vijana na rangi nyekundu wakachora alama ya X kwenye kuta. Ya kwetu waliichora kwenye ukuta wa mbele, kubwa, rangi ikachuruzika mpaka kwenye baraza. Shangazi aliisugua kwa majivu na gunzi. Haikutoka, ikawa waridi. Alipika, wageni walikula, lakini aliacha kuwatania, na mimi ambaye nilizoea kulala na sauti za watu juu ya ukuta nilianza kusikia kitu kibaya zaidi, kimya cha watu walio macho. Wote walijua walichokifanya. Mama Neema alinijia jikoni, akashika mkono wangu wenye unga, akaniambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyemfungia mlango." Nilitaka kumwambia hapana.

Ilikuwepo nafasi moja. Mwenyekiti wa mtaa alituambia kwamba wasioridhika wangesikilizwa siku maalumu, na anayeweza kuonyesha kwamba nyumba yake ilikuwa ya biashara angeandikwa upya. Nilisimama kama niliyechomwa sindano. Niliacha cherehani. Nilikwenda stendi kila jioni na kila alfajiri, nikapeleka salamu kwa madereva, kwa makondakta, kwa wauza vitunguu: atakayekumbuka kulala kwa Hadija, siku hiyo aje. Na walikuja. Walikuja kutoka Shelui kwa lori la pumba, walikuja kutoka Kinyangiri, watu ambao nauli kwao ni mbuzi mzima. Uani niliwapanga mstari nikawafundisha. Usiseme zawadi, sema malipo. Usiseme shangazi, sema mwenye nyumba. Mzee Msengi aliyarudia maneno hayo kwa sauti ya chini, nikamkemea kama mtoto, nikamwambia babu, sema tena. Akasema tena. Shangazi alikuwa akichambua mchicha pembeni, hakuinua uso hata mara moja. Nilidhani ananiachia kazi kwa sababu ananiamini.

Chumba walichotusikilizia kilikuwa na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Meza ndefu, mabwana watatu na mama mmoja, chupa za maji. Kabla hawajaanza, yule bwana wa shati la mikono mirefu alitoa maneno ya utangulizi kututia moyo. Alisema mradi ni mkubwa, na kwamba ili mwekezaji apate nguvu amepewa unafuu, hatatozwa kodi kadhaa kwa miaka ya mwanzo, kwa sababu anatuletea maendeleo. Alisema kwa fahari, wala hakuwa na ubaya. Niliwatazama watu wetu kwenye benchi. Seremala alikuwa amefumba macho. Shangazi aliniinamia, akaninong'oneza, "Kumbe kodi mtu anaomba msamaha mapema, waziwazi, na anapewa? Na sisi tulikuwa tunajificha nyuma ya sufuria." Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki kadhaa kumsikia akitania, na ndiyo sababu nikapata matumaini. Nilifikiri amerudi.

Alipoitwa, tulisimama naye wote, benchi mbili nzima. Yule mama wa mezani alikuwa na sura ya huruma. Alisema amesoma maelezo ya mthamini, kwamba nyumba ilikuwa na ndugu tu, na sasa anaona ndugu hawa wamekuja kusema wao ni wateja. Akatuuliza wao waamini maneno yapi. Mama Neema akajibu kwamba siku ile walidanganya, walifikiri ni kodi. Mama wa mezani akatikisa kichwa, lakini hakukasirika. Akamwita Mzee Msengi mbele, akamuuliza kama aliwahi kulala kwa huyu mama. Ndiyo. Mara nyingi? Mara nyingi. Alitoa chochote? Mzee akasema alileta kuku. Mara moja alileta gunia la uwele. Yule mama akageuka kwa Shangazi, akasema mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuthibitisha kwa kinywa chake. "Hilo gunia lilikuwa malipo ya chumba?"

Ilitakiwa ndiyo tu. Neno dogo, hata kuitikia kwa kichwa kungetosha. Niliisukuma ile ndiyo kwa moyo wangu wote. Shangazi alimtazama Mzee Msengi. Wakati ule mzee alikuwa bado anaona, na walitazamana muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, mpaka bwana mmoja akakohoa. Kisha Shangazi akasema, "Hapana. Lile lilikuwa la msiba." Yule mama akajaribu kumwokoa, akamwambia tuliache gunia, hawa wengine wote, kwa ujumla, walikuwa wateja au walikuwa wageni. Akamtazama vilevile kama yule kijana mthamini alivyomtazama. Shangazi akafunga kanga yake vizuri kiunoni. "Ni wageni wangu," akasema.

Maneno yaleyale. Mara ya kwanza aliyasema kwa hofu, nikashangilia. Mara ya pili hakuwa na hofu hata chembe, na mimi nilitaka kumziba mdomo kwa mkono wangu. Tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, na nilimsema njia nzima jinsi ambavyo mtoto hatakiwi kumsema mkubwa wake. Nilimwambia watu wameuza mbuzi kuja kumsaidia. Nilimwambia heshima haitamjengea ukuta. Alipochoka aligeuka katikati ya barabara, bodaboda zikitupigia honi, akaniambia: "Mke wa Msengi alifia kitandani kwangu, Zena. Nisimame mbele ya watu, mume wake yupo pale, niseme nilimtoza kitanda kile?" Hadi leo nina hasira tu, na sijui niielekeze wapi, maana kila ninakoigeuzia inakuta mtu ambaye hakukusudia baya.

Walibomoa asubuhi, upepo wa Singida ukivuma kama kawaida yake, na vumbi la vyumba vya udongo likatanda mpaka stendi, abiria wakajifunika pua. Tembe halianguki kwa kishindo. Linakaa chini tu. Chumba cha Shelui kilikaa chini, kisha cha Kinyangiri, kisha kile cha mgeni asiyejulikana. Tulikuwa tumeshatoa vyombo nje, vimerundikwa barabarani, ungo juu yake. Ndipo akatokea mama mmoja kutoka kijijini na kuku wawili wamefungwa miguu, ameshuka kwenye lori, hajui lolote. Alisimama mbele ya kifusi na kuku wake, akiangalia kushoto na kulia kana kwamba amekosea mtaa. Shangazi alimwona. Akaniambia niweke mafiga matatu hapohapo kando ya barabara nimchemshie mgeni uji. Nikachemsha, greda likinguruma nyuma yangu, vumbi likiingia sufuriani. Yule mama alikunywa uji wote. Halafu akawaweka kuku wake kwenye ungo, akainama, akalia kwa sauti. Sisi hatukulia. Machozi yangu yalikuwa yamekauka siku ya ofisi.

Mwaka uliisha tukiwa Mandewa. Shangazi alijenga kwa kile alichopewa, na alijenga kiajabu: chumba kimoja chake, na vitatu vingine vya uani. Fundi alimuuliza ana watoto wangapi. Stendi mpya ilifunguliwa upande wa pili wa mji, na kufika kwetu kutoka huko ilibidi upande kitu mpaka mjini, upande kingine mpaka Mandewa, halafu utembee. Nani afanye hivyo jioni, na basi linaondoka alfajiri? Miezi ya kwanza walijaribu wawili watatu. Mama Neema alikuja, akachelewa basi, akapoteza kuku wote kwa joto. Baada ya hapo watu wakaanza kulala kwenye mabenchi ya stendi, wameshikilia mizigo yao. Shangazi alikuwa akipika ugali mkubwa kupita kiasi. Nilimwambia tuko wawili. Akasema mkono umezoea. Jioni ikiingia aliweka kigoda mlangoni akaangalia ile njia ya ng'ombe, na nilikuwa naogopa kumtazama usoni saa hizo. Mimi niliondoka kuolewa mwaka uliofuata, nikawa nakuja mara moja moja. Kila nilipokuja nilimkuta ameanika magodoro ya wageni juani. Nyumba zilizopakana na ile hoteli ya mwekezaji ziliuzwa moja moja, kodi za pango zikapanda, siku hizi pale alipokuwa muuza soli wanauza kahawa yenye povu. Nimeinywa siku moja. Ni nzuri, na hilo nalo liliniuma.

Basi siku ya mazishi, alasiri, Mzee Msengi alichoka kukaa. Binti yake aliniuliza kama kuna mahali anaweza kujinyoosha. Nikamshika mkono nikamwingiza chumba cha kwanza cha uani. Akapapasa ukuta, akaniuliza hiki ni chumba gani. Nikamwambia, kwa sababu ndivyo Shangazi alivyokiita siku zote, "Cha Kinyangiri, babu." Akasimama kidogo. Kisha akakaa kitandani, na godoro likalia chini yake, mlio wa kukwaruza. Akaligusa. Mkono wake ukatembea juu yake kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Mbona linalia?"

"Ni nailoni, babu. Ya dukani. Shangazi hakuitoa."

"Amelinunua juzi?"

"Hapana," nikasema. "Alinunua tulipohamia."

Nilimwacha alale, nikaingia chumba cha pili kuwatandikia wamama wa Shelui, kwa sababu watu wote wale walikuwa wanabaki, na wote walihitaji mahali. Shangazi hakuweka dari hata huku. Nikiwa nimeshika shuka, nilimsikia mzee kupitia juu ya ukuta. Hakuwa amelala. Alikuwa anaichana ile nailoni kwa vidole, taratibu, kipande kwa kipande.